Herufi K na Ng'ombe wa Mjomba

Kiswahili kinakula herufi k. Nilikizungumza tangu utoto, nikakisoma hadi darasa la saba, nikakichapa miaka mingi nikiwa mfanyakazi katika kiwanda cha chapa cha misheni moja huko milimani Lushoto, na bado sikuwahi kuliona hilo. Nililiona siku ya kwanza nilipopanga kazi yangu mwenyewe, kwenye mashine yangu mwenyewe, katika chumba nilichopanga Masuguru, Korogwe. Ilikuwa kadi ya mchango wa harusi. "Kamati inakukaribisha katika kikao kitakachofanyika..." Sikufika nusu ya kadi. Nilipeleka vidole kwenye kijumba cha k, vikarudi na vumbi.

Kwa wasioijua kazi ile: kila herufi ilikuwa kipande chembamba cha madini ya risasi, kimesimama kama kijiti, na sura yake juu imegeuzwa. Unaziokota moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vijumba vingi, unapanga mstari, unapanga ukurasa, unaukaza ndani ya fremu ya chuma, unapaka wino, unagandamiza karatasi. Ukimaliza, unabomoa ukurasa na kurudisha kila herufi kwenye kijumba chake, ili kesho uzitumie tena. Herufi usiyokuwa nayo, huna. Kompyuta zilikuwa zimeshaingia Dar es Salaam na Tanga mjini, lakini kwetu zilikuwa bado habari za watu wengine.

Mashine niliipata misheni walipoagiza mpya za umeme. Hii ya kukanyaga kwa mguu waliitoa kwa bei ambayo kwao ilikuwa ndogo na kwangu ilikuwa mlima. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Kwetu mjomba si mtu wa pembeni, ukiwa na jambo zito humpelekea yeye. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa mahindi, na kila mavuno mazuri yaligeuka ng'ombe, aliowaweka kwa rafiki yake Mmasai ili wachungwe pamoja na wake. Nilikwenda, nikamweleza kwamba kuanzia Handeni hadi Korogwe hakuna mtu mwenye mashine ya chapa, kwamba kila kamati ya harusi, kila chama cha ushirika na kila mwenye duka anapanda basi hadi Tanga kuchapisha risiti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mpwa wangu," akasema, "mimi pesa sikukopeshi. Sina. Nakukopesha ng'ombe watano. Wauze, ununue chuma chako. Halafu utanirudishia ng'ombe watano."

Nilicheka kwa furaha. Sikufikiria tofauti ya kudaiwa pesa na kudaiwa ng'ombe. Pesa uliyokopa inakaa pale pale, pengine hata inapungua thamani ukiwa umelala. Ng'ombe anapanda bei kila mnada.

Masanduku ya herufi misheni walinipa bure, nikadhani ni wema. Nilipoyafungua vizuri nikaona nimepewa walichokuwa wanataka kukitupa. Herufi zile ziliyeyushwa zamani kwa ajili ya lugha ya Wazungu. Kulikuwa na e na t za kumwaga, kulikuwa na q na x zinazong'aa kama zimetoka dukani jana, maana hakuna aliyewahi kuzigusa. Lakini k zilikuwa chache, w chache, y chache, na a, ambayo Kiswahili hakiendi hatua bila yake, zilikuwa zimelika. Nyingine zilikuwa fupi kuliko wenzao kwa unene wa kucha, kwa hiyo hazikugusa karatasi. Ilinibidi nikate vipande vidogo vya pakiti ya sigara, nivitandike chini ya kila a iliyochoka ili inyanyuke. Kazi ya kuchapa saa moja niliitandikia asubuhi nzima. Na baada ya kukanyaga kidogo vile vipande vinalowa wino, vinalegea, a zinazama tena, na kadi zinatoka zikiwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Ile kadi ya kwanza niliimaliza kwa kuazima k za seti nyingine, nene zaidi. Zilitosha kwenye mstari, nikajiambia hakuna atakayeangalia. Baba wa bibi harusi aliangalia.

"Hizi k mbona zimevimba?" akaniuliza.

"Ni mtindo, mzee."

"Mtindo gani huu? Kadi imeshikwa na matubwitubwi." Akaihesabu hasara yake palepale, akalipa nusu, akaondoka na kadi zote.

Nilijaribu kila nililoweza kulifikiria. Nilimwomba fundi mmoja wa kuchonga mihuri anichongee k za mpingo. Alizichonga vizuri mno, ukizishika unafurahi. Zilidumu kazi moja. Nilipozisafisha wino kwa mafuta ya taa zikaanza kupasuka, na moja ikavunjikia ndani ya fremu na kuchana karatasi. Nikasafiri hadi Dar es Salaam, nikazunguka kutwa nzima nikiulizia herufi za risasi, hadi nikaelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya chapa. Alinitazama kwa huruma.

"Kaka, hizo hazitengenezwi tena. Jifunze kompyuta."

"Kompyuta nitainunua na nini?"

Alikuwa na sanduku la herufi kubwa tupu, karibu mpya, limemkalia stoo. Hakukuwa na herufi ndogo hata moja. Nikalinunua kwa nauli yangu ya kurudia, na nikarudi Korogwe nimekaa juu ya magunia ya vitunguu kwenye lori.

Mke wangu, binti wa Kisambaa niliyemkuta kule kule milimani, alikuwa analima mahindi Makuyuni. Shamba lile ndilo lililotulisha, mashine ilikuwa haijalisha mtu. Alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi nilivyojaa vumbi.

"Baba watoto, nakwambia mapema," akasema. "Mahindi yangu hayaingii kwenye hiyo mashine. Hata debe moja."

Mjomba naye alianza kuja. Hakuwa anadai. Ingekuwa nafuu kama angedai. Alikuwa anashuka kwenye basi la Handeni, anafika, namwamkia, anaulizia watoto, anaulizia mvua ya Makuyuni, anapewa chai, halafu anakaa kwenye benchi mbele ya mashine na kuitazama ninavyoikanyaga.

"Inakula nini hii?" aliniuliza siku moja.

"Wino na karatasi, mjomba."

"Na inazaa?"

Niliendelea kukanyaga.

"Wale wangu walikuwa majike wanne na dume," akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka watoto waliokwenda mbali. "Kwa yule Mmasai saa hizi wangekuwa na ndama. Sisemi kitu. Nawaza tu."

Akipanda basi kurudi, siku yangu yote inaharibika. Nilikuwa naweka akiba kidogo kidogo, nikiona inafika bei ya ng'ombe naenda mnadani Handeni, na mnadani naambiwa bei ilikuwa ile mwezi uliopita. Narudi na pesa mfukoni, na pesa mfukoni mwa mwenye watoto haikai.

Ndipo akaja mwalimu wa madrasa kutoka Handeni. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na ameshika karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameandika kijitabu cha kuwafundisha watoto adabu, usafi na sala, kwa Kiswahili chepesi, na watu wa msikiti wake walikuwa wamechangishana kukichapisha. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Alinipa malipo ya mwanzo. Siku hiyo hiyo, kabla pesa haijapoa, nilikwenda mnadani nikanunua ng'ombe wawili, nikawafikisha kwa mjomba. Wawili kati ya watano. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala muda mrefu. Karatasi za kijitabu nilizichukua kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya shule pale Korogwe, nikiamini malipo ya mwisho yatazilipa.

Nilikipanga kijitabu chote kwa zile herufi kubwa kutoka Dar es Salaam. Zilikuwa kali, safi, hazihitaji kutandikwa chochote. Kwa mara ya kwanza kurasa zangu zilitoka bila pengo hata moja. Nilimtumia mwalimu ujumbe kwa kondakta wa basi kwamba aje, na nilikuwa namsubiri kwa hamu.

Alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani.

"Bwana, mbona kitabu changu kinafoka?"

"Kinafoka vipi, mwalimu?"

"Hivi hukioni? Mimi nimeandika kwa upole. 'Mtoto mpendwa, nawa mikono kabla ya kula.' Hapa ni kama askari anamwamrisha mfungwa." Akageuza ukurasa mwingine. "Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba watoto wangu wanajifunza kusoma. Herufi ndogo watazijulia wapi? Wakimaliza kitabu hiki, wakifungua kingine chochote duniani, wataanza upya."

Alikuwa na haki. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa na zilikuwa za mkopo. Pesa yake ilikuwa inakula majani kwa Mmasai.

Nilimweleza ukweli kuhusu k. Mwanzoni hakuamini, nikamvuta hadi kwenye sanduku nikamwonyesha kijumba. Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga. Nikamwambia, kama anaweza kubadilisha maneno kidogo hapa na pale, tupunguze k, naweza kuupanga ukurasa mzima kwa herufi ndogo. Alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa amekuja kwa basi na hakutaka kurudi mikono mitupu. Tukakaa pamoja mchana kutwa, yeye na kalamu, mimi na sanduku.

"'Kaka yako akikuita, itika,'" akasoma. "Hapa zimo sita. Niweke 'ndugu yako'?"

"'Nduguyo,' mwalimu. 'Yako' ina k."

"'Nduguyo a...'" Akasimama. "A nini? 'Akikuita' nitaikimbiaje?"

"Labda 'anapo... anapoita.'"

"Anapoita nani? Anaweza kuwa anaita ng'ombe!" Lakini akaandika. Akaendelea na mstari uliofuata, akakata neno, akakata jingine, jasho linamtoka. "'Kwa' niondoe?"

"Ukiweza."

"'Kama'?"

"Ukiweza, mwalimu."

"'Katika'? 'Kisha'? 'Kila'? 'Kuswali' yenyewe?" Aliipiga kalamu mezani. "Bwana wewe, ukinitolea 'kwa' na 'kama' na 'kuswali', umenibakizia nini? Nifundishe watoto wakae kimya?"

Na mimi nikapandwa na hasira, si kwake, kwa lugha nzima, kwa nini kila kitendo kianze na ku, kwa nini cha mwenzako kiwe chako na chake, kwa nini tusiseme kwa x, maana x nilikuwa nazo debe. Nikaipiga teke mashine, nikaumia kidole. Mwalimu alinitazama ninavyorukaruka kwa mguu mmoja.

"Chapa nusu nusu," akasema baadaye, sauti imeshuka. "Nusu ya juu leo. Ubomoe. Nusu ya chini kesho, juu ya karatasi ile ile. Hiyo haiwezekani?"

Iliwezekana. Nilikuwa naijua na nilikuwa naiogopa, kwa sababu kazi inakuwa mara mbili na malipo ni yale yale. Kila karatasi iliingia kwenye mashine mara mbili kwa upande mmoja. Nilikanyaga hadi goti likavimba. Na kwa kuwa karatasi haiingii mara ya pili sawasawa na ilivyoingia ya kwanza, nusu ya chini ya kurasa nyingi ilitoka imeinama kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye mteremko. A nyingine zilizama, nyingine zikatoboa. Karatasi za kuchapia tena nilizikopa kwenye duka lile lile. Mwenye duka alinipa, lakini tangu siku hiyo alianza kunisalimia kwa jina langu kamili.

Mwalimu alikuja kuvichukua vijitabu vyake. Alifungua kimoja, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Kinasomeka," akasema.

Akalipa pesa iliyobaki, nikaipeleka yote dukani kwenye karatasi, na bado haikutosha.

Msimu uliofuata mjomba alikuja akiwa na uso mwingine. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa, na upande wa binti ulitaka mahari kabla ya Ramadhani. Safari hii hakunywa chai.

"Nimekaa na wewe vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana, mjomba."

"Basi nitafutie wale watatu. Kijana wangu siwezi kumwambia angoje kwa sababu binamu yake ana mashine."

Mombo alikuwepo mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuwa anapita Korogwe na gari lake. Nilimwita. Alikuja na mzani wa kuning'iniza. Aliizunguka mashine, akaigonga, akataja bei. Halafu akachungulia kwenye masanduku, akaokota herufi, akaiuma kwa jino.

"Hii ni risasi," akasema. "Risasi nainunua kwa bei nzuri kuliko chuma. Watengeneza betri Tanga wanaigombania. Chagua, mashine au hizi. Ukinipa vyote pia sawa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na jembe, ndiyo kwanza anatoka Makuyuni.

"Uza herufi," akasema.

"Mashine bila herufi ni ya nini?"

"Sijui. Lakini herufi zimekutesa miaka yote hii mbele ya macho yangu. Hiyo mashine haijakosea kitu."

Niliuza herufi. Hatukuzimimina kwa utaratibu wowote, tulipindua masanduku juu ya magunia, na zilikuwa zinaanguka kwa sauti kama mvua ya mawe kwenye bati. Nilikuwa nimezichukia, nilizitukana kila siku niliyoamka. Gunia la mwisho lilipopandishwa kwenye gari nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko hadi moyo ulipotulia.

Pesa ya risasi ilitosha ng'ombe mmoja na kichwa cha wa pili, kama tulivyosema kwa uchungu nyumbani. Mke wangu aliingia ndani, akatoka na pesa ya mahindi, akaiweka mezani.

"Hii haiingii kwenye mashine," akasema. "Inaingia kwa mjomba wako. Usije ukasahau tofauti." Na kwa siku kadhaa hakuzungumza nami ila kwa mambo ya lazima.

Mjomba akapata wawili. Mmoja akabaki, na mahari wakaikamilisha kwa namna nyingine.

Mashine ilikaa imefunikwa turubai. Kompyuta hatimaye zilifika Korogwe, maduka ya kuchapa yakafunguliwa karibu na stendi, kadi zikawa na maua na picha za maharusi. Nilirudi shambani. Kisha siku moja katibu wa kwaya moja alinijia na tiketi za tamasha, zimechapwa vizuri kwa kompyuta, rangi tupu. Tatizo lake lilikuwa moja. Tiketi haikuwa na mstari wa vitobo wa kuchania kipande, na pale stendi hakuna aliyeweza kuutengeneza isipokuwa kwa kupitisha cherehani isiyo na uzi. Nikafunua turubai. Nikafunga wembe wenye meno kama ya msumeno kwenye fremu ya chuma, nikakanyaga. Ilitoboa kwenye mstari mmoja ulionyooka, tiketi baada ya tiketi. Tangu hapo wale wale wa kompyuta wananiletea vitabu vya risiti nivitoboe, na kadi nene nizikunje bila kupasuka. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini pia iliniuma kwamba mashine iliyonitoa damu kwa ajili ya maneno, imekuja kunilipa kwa kutoboa matundu.

Ng'ombe wa tano alikuwa bado. Mjomba alizeeka, akaacha kupanda basi, nami nilikuwa nakwenda kumsalimia Handeni, na hakumtaja tena. Alifariki wakati wa mavuno. Pale makaburini, kabla hatujatawanyika, shehe alisimama akatangaza kama desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa wanawe, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze vilevile. Watu waliangalia chini. Nilisimama.

"Mimi nadaiwa ng'ombe mmoja," nikasema.

Binamu yangu, yule aliyeoa, aligeuka akanitazama. "Wa mashine?"

"Wa mashine."

Akatikisa kichwa, sikujua kama ni kwa kukubali au kwa kuchoka. Baada ya matanga nilitumia karibu mwaka mzima wa kutoboa risiti kumpata mtamba mmoja mwekundu, mwenye afya, kwa bei ambayo wakati ule wa mwanzo ningenunua zizi. Nilimswaga mwenyewe kutoka mnadani hadi nyumbani kwa binamu. Alimzunguka, akamshika pembe, akamtazama kwato.

"Ni mdogo kidogo," akasema.

"Ndiye niliyempata."

"Haya. Mfunge pale."

Nikamfunga. Nilikuwa nimetegemea kusikia wepesi fulani mwilini, na sikusikia kitu ila njaa na mikwaruzo ya kamba mikononi. Binamu alinikaribisha chakula, nikamwambia basi la mwisho litaniacha. Nikashuka barabarani, nikasubiri pamoja na akina mama wenye vikapu vya machungwa, na kesho yake asubuhi nilikuwa Masuguru, mguu kwenye kanyagio, natoboa risiti za chama cha bodaboda.